Kutoka kwa Sheha Hadi Standesamt: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Majina ya Watumishi na Viongozi wa Serikali kwa Kijerumani

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kukalimani kikao kidogo hapa Unguja. Miongoni mwa wageni alikuwapo mama mmoja wa makamo kutoka Ujerumani, na kadi yake imeandikwa Staatssekretärin. Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu ya kusoma Kijerumani. Neno Sekretärin nalijua tangu masomo ya mwanzo: katibu muhtasi. Nikamtambulisha kuwa ni "katibu wa serikali", na wenyeji wakaelewa kuwa ni karani. Wakampa kiti cha pembeni pamoja na waandishi wa kumbukumbu, na kiti cha mbele akakalishwa kijana aliyembebea mafaili, kwa kuwa ndiye aliyevaa suti. Yule mama hakusema neno. Nilitambua baada ya muda, alipoanza kuzungumza yeye na kijana akawa ndiye anayeandika. Kumbe mama ni Katibu Mkuu wa wizara, mtendaji wa juu kabisa chini ya waziri wake.

Tangu siku hiyo nafundisha vyeo kwa njia nyingine. Sianzi na orodha ya majina, kwa sababu orodha ndiyo iliyonipoteza. Naanza na mlango wa ofisi, kisha mtu aliyekaa ndani, kisha karatasi anayoitoa, kisha kitenzi kinachoeleza anachokifanya. Ukizishika hizo nne, cheo hakikupigi chenga. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wangu wa aina tatu: anayemfuata mke au mume Ujerumani, mtembeza wageni anayeulizwa kila siku sheha ni nani, na mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar anayepokea wageni wa kikazi. Ukiwa na miezi miwili mitatu ya Kijerumani cha mwanzo, unatosha kuanza.

Kabla ya yote: sauti

Sisi tuna bahati moja. Sauti ya "kh" ya kheri na khabari, tunayoitamka tangu chuoni, ndiyo "ch" ya Kijerumani katika Nacht. Wengi wa bara na wazungu wengine hutaabika nayo. Zinazobaki ni chache. Herufi "w" isome kama "v", na "v" mara nyingi kama "f", kwa hiyo Vertretung (uwakilishi kwa niaba) huanza na "fer". Herufi "z" ni "ts": Zoll hutamkwa "tsol". "Ei" ni "ai", "ie" ni "i" ndefu. Kwa ö, kaza midomo kama unataka kusema "o", kisha sema "e" bila kuilegeza. Hiyo ndiyo ya Behörde. Kwa ü, midomo ya "u", sauti ya "i". Hiyo ni ya Bürgermeister. Neno Beamter lina silabi tatu, be-am-ter, na "e" na "a" zitenganishwe wazi.

Hatua ya kwanza: shika maneno matatu ya msingi

Das Amt, die Behörde, der Beamte. Usiende mbele mpaka haya yamekaa.

Das Amt, wingi die Ämter, lina sura mbili. Ni ofisi ya serikali, kama Finanzamt, ofisi ya kodi. Pia ni wadhifa wenyewe: im Amt sein ni kuwa madarakani, die Amtszeit ni muhula, der Amtssitz ni makao rasmi ya mwenye cheo. Kiswahili chetu nacho kina tabia hii, maana "kiti" ni samani na pia ni madaraka. Die Behörde ni chombo cha serikali kwa ujumla, mamlaka yenye uwezo wa kukuamulia jambo.

Sasa der Beamte, neno linalotafsiriwa vibaya kuliko yote. Kamusi itakwambia "mtumishi wa serikali", na hapo ndipo mtego ulipo. Kwetu sote tunaolipwa na hazina tunaitwa watumishi wa umma. Ujerumani jina hilo pana ni der öffentliche Dienst, na ndani yake mna watu wa aina mbili ambao sheria inawatenga kabisa.

Wa kwanza ni Beamte. Huyu haajiriwi kwa mkataba. Anateuliwa kwa kukabidhiwa hati mkononi, die Ernennungsurkunde, na anakula kiapo, der Eid. Malipo yake yanaitwa Besoldung, na akistaafu anapata Pension. Hana ruhusa ya kugoma. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, das Bundesverfassungsgericht, ilithibitisha katazo hilo mwaka 2018 katika kesi iliyofunguliwa na walimu. Wa pili ni Angestellte, katika lugha ya mikataba ya kazi Tarifbeschäftigte. Yeye ana mkataba, der Arbeitsvertrag, malipo yake ni Gehalt, mafao yake ya uzeeni ni Rente, na anaweza kugoma. Unaweza kuwakuta walimu wawili katika skuli moja, wamekaa meza moja wanasahihisha mitihani ile ile, mmoja Beamter na mwenzake Angestellter. Askari polisi wa kawaida ni Beamter. Hakimu, der Richter, si Beamter. Ana hadhi yake peke yake kisheria.

Kwa hiyo mtu unayemkuta dirishani usimwite Beamter kwa kukisia. Sema der Mitarbeiter au die Mitarbeiterin, yaani mfanyakazi wa pale. Kama ndiye anayeshughulikia faili lako, sema der Sachbearbeiter au die Sachbearbeiterin. Hilo neno la mwisho jifunze mapema. Utalihitaji kila wiki.

Hatua ya pili: umbo la neno Beamte

Wanafunzi wangu huandika "der Beamter" na wanashangaa kukosolewa, kwa sababu "ein Beamter" ni sahihi. Ukweli ni kwamba neno hili limezaliwa na sifa, maana yake "aliyepewa Amt", na bado linabadilika mwisho kama sifa:

- Der Beamte hat meinen Pass. (Yule afisa anayo pasi yangu.)
- Das ist ein Beamter. (Huyu ni afisa.)
- Ich habe mit einem Beamten gesprochen. (Nimezungumza na afisa mmoja.)
- Die Beamten sind freundlich. (Maafisa wale ni wakarimu.)
- Zwei Beamte stehen vor der Tür. (Maafisa wawili wamesimama mlangoni.)

Ndugu zake wanaofuata mwendo huo ni der Angestellte, der Abgeordnete (mbunge), der Vorgesetzte (mkubwa wako wa kazi) na der Vorsitzende (mwenyekiti). Kwa mwanamke wote hubaki na tabia hiyo: die Abgeordnete, die Vorsitzende. Beamte peke yake ndiye aliyeachana na nduguze: mwanamke ni die Beamtin, wingi die Beamtinnen, jina la kawaida lisilobadilika mwisho.

Ama kuhusu der, die, das, mtu wa Kiswahili asiogope. Hujawahi kusema "kitabu yangu", na hakuna aliyekaa nawe kukueleza kwa nini. Ulilisikia jina pamoja na upatanisho wake tangu utotoni. Fanya hivyo hivyo: usiandike Amt, andika das Amt. Usiandike Behörde, andika die Behörde. Mimi natumia kalamu tatu, buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Miisho nayo inasaidia. Maneno ya -ung, -heit, -keit na -schaft ni die: die Regierung (serikali), die Botschaft (ubalozi). Ya -ium ni das: das Ministerium, wingi die Ministerien. Mwanamke wa -in ni die siku zote.

Hatua ya tatu: para neno kuanzia mkiani

Anayepara samaki huanzia mkiani kwenda kichwani, na maneno marefu ya Kijerumani yanaparwa hivyo hivyo. Kipande cha mwisho ndicho kinachokwambia neno ni kitu gani, na ndicho kinachotoa der, die au das. Vipande vya mbele vinaeleza tu.

Chukua Einwohnermeldeamt. Mkia ni -amt, basi ni ofisi, na ni das. Melde- ni kujiandikisha. Einwohner ni mkaazi. Ofisi ya kuandikisha wakaazi. Chukua Ausländerbehörde: mkia ni Behörde, basi ni die, na Ausländer ni wageni wa nchi nyingine. Chukua Zollbeamtin: mkia ni Beamtin, mwanamke, Zoll ni forodha.

Jizoeze na neno moja maarufu. Jimbo la Mecklenburg-Vorpommern lilipitisha mwaka 1999 sheria iliyoitwa kwa ufupi Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, herufi 63, na ikafutwa 2013. Mkia: das Gesetz, sheria. Sheria ya nini? Übertragung, kukabidhi. Kukabidhi nini? Aufgaben, majukumu. Majukumu gani? Überwachung, kusimamia. Kusimamia nini? Etikettierung, uwekaji wa lebo. Kwenye nini? Rindfleisch, nyama ya ng'ombe. Wanafunzi wakishalimaliza hilo ubaoni, Standesamt (ofisi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo) haiwatishi tena. Angalia pia ile "s" au "es" iliyojificha katikati, kama Stand-es-amt na Regierung-s-sprecher: haina maana, ni uzi wa kushonea.

Hatua ya nne: kadi yenye pembe nne

Kata karatasi ngumu ukubwa wa kiganja. Pembe ya kwanza andika ofisi, ya pili mtu, ya tatu karatasi, ya nne kitenzi. Upande wa nyuma andika sentensi moja ya Kijerumani uliyoitunga mwenyewe. Hizi hapa za kuanzia.

Das Standesamt. Mtu: der Standesbeamte, die Standesbeamtin. Karatasi: die Geburtsurkunde (cheti cha kuzaliwa), die Eheurkunde (cheti cha ndoa). Kitenzi: beurkunden, kuandikisha rasmi, trauen, kufungisha ndoa. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nimeona familia zikiumia. Ndoa inayofungwa Ujerumani kwa imamu peke yake, sheria ya kule haiitambui. Inayotambuliwa ni ile ya Standesamt. Ndoa iliyofungwa kwetu Zanzibar kisheria ni jambo jingine, lakini itadaiwa karatasi: cheti, tafsiri iliyothibitishwa, na pengine zaidi. Kwa hiyo neno die Urkunde, hati rasmi, liwe la kwanza kabisa kwenye kisanduku chako. Za kwetu zinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na huo ndio ukaribu wake na Standesamt: vizazi, ndoa, talaka, vifo.

Das Bürgeramt, kwengine das Einwohnermeldeamt. Mtu: die Mitarbeiterin. Kitenzi: sich anmelden, kujiandikisha. Karatasi: die Meldebescheinigung, uthibitisho wa makaazi. Kwetu ukitaka huduma yoyote unaanzia kwa sheha akuandikie barua kuwa ni mkaazi wa shehia yake. Meldebescheinigung inafanya kazi hiyo. Tofauti ni kwamba sheha anakujua wewe na mama yako, na pale hakuna anayekujua. Badala ya sura yako wanataka karatasi ya mwenye nyumba, die Wohnungsgeberbestätigung. Muda ni wiki mbili tangu kuhamia.

Die Ausländerbehörde. Mtu: der Sachbearbeiter. Kitenzi: beantragen, kuomba rasmi, verlängern, kuongeza muda. Karatasi: die Aufenthaltserlaubnis, kibali cha kuishi.

Das Finanzamt. Mtu: der Finanzbeamte. Karatasi: die Steuererklärung (taarifa ya kodi) unayoipeleka wewe, na der Steuerbescheid (uamuzi wa kodi yako) wanaokuletea wao. Kwetu mwenzake ni Mamlaka ya Mapato.

Nyengine utazijaza mwenyewe: das Jugendamt (ustawi wa watoto), das Gesundheitsamt (afya), das Bauamt (vibali vya ujenzi), das Ordnungsamt (utaratibu wa mji, kuanzia maegesho hadi kelele). Das Auswärtige Amt ni la tahadhari: jina lasema Amt, lakini ni Wizara ya Mambo ya Nje nzima.

Hatua ya tano: tembea na maneno mjini

Neno linalokaa kwenye karatasi tu hupeperuka. Lifunge mahali. Mimi huwatoa wanafunzi Jumamosi asubuhi, tunaanzia Forodhani. Jina lenyewe linasema: forodha, der Zoll. Hapo tunasema der Zollbeamte, verzollen (kulipia ushuru), na swali la uwanja wa ndege: Haben Sie etwas zu verzollen? (Una kitu cha kulipia ushuru?) Anayeingia Ujerumani kwa ndege kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa bidhaa za matumizi binafsi na zawadi hadi thamani ya yuro 430 bila ushuru. Basi mwenye karafuu zake begani ajue kuzitaja: Gewürznelken.

Tunasogea Malindi bandarini: der Hafen, die Hafenbehörde, die Polizei, der Polizist. Tunarudi hadi jengo la zamani la Mahakama Kuu pale Vuga: das Gericht, der Richter, der Staatsanwalt (mwendesha mashtaka), der Rechtsanwalt (wakili). Hapo huwaambia kitu kinachowafurahisha daima. Wajerumani wana msemo jemanden vor den Kadi bringen, kumpeleka mtu mahakamani, na huyo Kadi ni kadhi wetu huyu huyu, neno la Kiarabu lililofika mpaka Ulaya.

Kwa Konsulat nina kisa cha mji huu. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zilipolipiga kombora jumba la Sultani, vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia, Sayyid Khalid bin Barghash alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Waingereza wakamngojea nje. Wakangoja zaidi ya mwezi, kwa kuwa ndani ya ua ule hawakuwa na haki ya kumkamata. Tarehe 2 Oktoba, maji yamejaa, akapandishwa mashua ya Wajerumani moja kwa moja kutoka hapo na kupelekwa Dar es Salaam. Das Konsulat, der Konsul, der Schutz (ulinzi). Aliyekisikia kisa hiki hasahau tena kwamba Konsulat si Botschaft. Botschaft ni ubalozi kamili, wa balozi, der Botschafter, nao wa Ujerumani uko Dar es Salaam.

Msomaji wa Pemba aanzie bandarini Mkoani kwa Hafen na Zoll, apande Chake Chake kwa mahakama na ofisi za mkoa. Njia ni yake. Muhimu ni kwamba kila neno lipate mlango.

Hatua ya sita: vyeo vinavyodanganya

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Sekretär ana ngazi tatu zisizohusiana. Die Sekretärin ofisini ni katibu muhtasi. Der Regierungssekretär ni Beamter wa ngazi ya kati-chini, na juu yake wako Obersekretär na Hauptsekretär. Baada yao anakuja Inspektor, halafu Amtmann na Amtsrat, halafu Regierungsrat. Der Staatssekretär yuko kileleni, jirani ya waziri. Na hata huyo ni wa aina mbili: beamteter Staatssekretär ni mtendaji, kama Katibu Mkuu wetu, Parlamentarischer Staatssekretär ni mbunge anayemsaidia waziri, na kwetu anamkaribia Naibu Waziri. Ukiona kadi yenye neno hili, uliza ni yupi.

Sprecher si Spika. Der Regierungssprecher ni msemaji wa serikali. Spika wa Bunge la Ujerumani ni der Bundestagspräsident au die Bundestagspräsidentin.

Präsident hana maana ya rais wa nchi tu. Hata mkuu wa mahakama au wa taasisi huitwa hivyo. Mkuu wa dola ni der Bundespräsident, anayechaguliwa kwa miaka 5 na mkutano maalumu uitwao Bundesversammlung. Anayeongoza serikali ni der Bundeskanzler, mwanamke die Bundeskanzlerin, na huyu huchaguliwa na Bundestag, bunge lao. Der Ministerpräsident mara nyingi si waziri mkuu wa nchi, ni kiongozi wa serikali ya jimbo. Ujerumani ina majimbo 16. Nasi Wazanzibari tukielezwa hili tunaelewa haraka, maana tunaishi ndani ya Muungano wenye serikali mbili.

Senator wa Hamburg, Bremen au Berlin ni waziri wa serikali ya jimbo-mji. Hakai katika baraza la kutunga sheria linaloitwa seneti. Mkuu wa Hamburg ni Erster Bürgermeister, wa Berlin Regierender Bürgermeister, na hawa wana hadhi sawa na Ministerpräsident, kwa hiyo "meya" pekee haiwatoshi. Bürgermeister wa mji wa kawaida ndiye meya.

Ukigeuza upande, kumweleza Mjerumani vyeo vyetu, usitafute kisawe kwa kulazimisha. Rais wa Zanzibar ni der Präsident von Sansibar, na kumbuka wao huandika kwa "s". Baraza la Wawakilishi ni das Repräsentantenhaus, Baraza la Mapinduzi ni der Revolutionsrat, Mkuu wa Mkoa ni der Regionalkommissar, Mkuu wa Wilaya ni der Distriktkommissar. Usimwite Mkuu wa Mkoa Landrat, kwa sababu Landrat huongoza Kreis, eneo linalofanana zaidi na wilaya, na sehemu nyingi huchaguliwa kwa kura. Sheha mwache awe sheha, kisha mweleze: Der Sheha leitet die Shehia, die kleinste Verwaltungseinheit auf Sansibar. Er wird ernannt, nicht gewählt. Anaongoza shehia, eneo dogo kabisa la utawala; anateuliwa, hachaguliwi. Watembeza wageni, sentensi hizo mbili zishikeni kwa moyo. Zinamtosheleza mgeni, na hazimdhalilishi sheha kwa kumwita "chifu".

Hatua ya saba: adabu ya kuwaita

Tumia Sie, si du, kwa kila mtu ofisini. Ita Herr au Frau na jina la ukoo: Frau Schmidt. Usiseme "Herr Beamter". Kwa wenye vyeo vya siasa inakubalika Frau Ministerin, Herr Bürgermeister, Herr Botschafter. "Mheshimiwa" haina kisawe cha kila siku. Exzellenz hubaki kwa mabalozi wa kigeni na hafla za kidiplomasia. Kwenye barua, usiyemjua jina mwandikie Sehr geehrte Damen und Herren, na umalizie Mit freundlichen Grüßen.

Sisi hatuingii ofisini bila kuulizana hali, watoto, na mvua ya jana. Kule ni Guten Morgen au Guten Tag, jina lako, halafu shida yako. Hawakudharau, ndiyo heshima yao ya kutokupotezea muda. Na jambo jingine: usimpelekee Sachbearbeiterin pakiti ya viungo kwa shukrani. Moyo wako ni safi, lakini sheria ya jinai ya kule ina kosa liitwalo Vorteilsannahme, mtumishi kupokea manufaa kwa ajili ya kazi yake, na utamtia matatani. Danke, das hat mir sehr geholfen (ahsante, imenisaidia sana), yatosha.

Hatua ya nane: ratiba

Maneno 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Asubuhi yaandike na kuyasoma kwa sauti. Jioni mpe kadi mtoto au jirani barazani akutahini. Hana haja ya kujua Kijerumani, anataja ofisi kwa Kiswahili na wewe unamjibu pembe zote nne. Kadi uliyoipata irudie baada ya siku 3, kisha 7, kisha 14. Uliyoikosa inarudi kesho. Jirekodi kwenye simu na ulinganishe na matangazo ya Deutsche Welle, ambao pia wanatoa masomo ya Kijerumani bure mtandaoni. Kuanzia wiki ya nne, igizeni wawili wawili: mmoja Sachbearbeiter, mmoja mwombaji. Sentensi ya lazima: Wer ist für meinen Antrag zuständig? Nani anahusika na ombi langu? Neno zuständig ndilo ufunguo wa ofisi zote. Ukiambiwa Dafür bin ich nicht zuständig (mimi sihusiki na hilo), usibishane. Uliza Wer ist denn zuständig? na uandike jina.

Hatua ya tisa: soma barua ya serikali

Aliyewahi kufanya kazi ofisini kwetu ana nusu ya safari mkononi, maana barua za serikali zina mifupa ile ile. Pale tunapoandika Kumb. Na., wao wana Aktenzeichen. Yah: yetu ni Betreff yao. Na ile Kny: inayokaa juu ya saini ya anayetia kwa niaba ya mkubwa wake, kule ni i. A., im Auftrag. Ukiona i. V., in Vertretung, aliyesaini ni naibu aliyeshika nafasi.

Kisha tafuta maneno manne kwa kalamu kabla ya kusoma kitu chochote: Antrag (ombi ulilopeleka), Bescheid (uamuzi wao), genehmigt (limekubaliwa) au abgelehnt (limekataliwa), na Frist (mwisho wa muda). Chini kabisa kuna aya yenye jina refu, Rechtsbehelfsbelehrung. Inakueleza ukikataa uamuzi uende wapi na ndani ya siku ngapi. Mara nyingi njia ni der Widerspruch, pingamizi la maandishi, na muda ni mwezi mmoja.

Barua nyengine huja katika bahasha ya manjano, na postamani huandika tarehe juu yake kwa mkono. Hiyo ndiyo tarehe inayoanza kuhesabu muda wako, hata kama hukuwepo nyumbani na aliitia tu katika sanduku la barua. Kwa hiyo bahasha usiitupe. Ibane na barua yake kwa pini, na tarehe ile iandike kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza.